Karatasi ya Bagia

Mpaka leo siwezi kula bagia kabla sijaisoma karatasi iliyofungiwa. Watu hudhani ni ualimu unaonisumbua, kwamba nimezoea kusahihisha hata visivyo vyangu, nami nawaacha wadhani hivyo. Mwezi uliopita nilikwenda Kilwa Kivinje kwenye arobaini ya Bi Zaituni, mama aliyenipangisha chumba nilipokuwa msichana. Mtu akanipa bagia nne ndani ya karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Zilikuwa hesabu za kujumlisha, tatu amepata, mbili amekosa. Nilizisoma zote nimesimama pale uani, mafuta yakinichuruzika vidoleni. Nyuma yangu sauti ya kike ikasema, "Bado unasahihisha tu, ticha?" Sikugeuka. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka ishirini na minane, na bado niliijua kabla haijamaliza sentensi. Alikuwa Somoe. Nilikuwa nimeombea nimkute, na njia nzima kutoka Lindi nilikuwa nimeombea nisimkute.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona najua mambo. Mradi mmoja mdogo, ambao umeshakufa zamani, ulinipeleka Kivinje kufundisha Kiingereza watu wazima waliotaka kazi kwenye nyumba za wageni za Kilwa Masoko. Darasa letu lilikuwa ghorofani, katika moja ya yale majengo ya enzi ya Wajerumani, ukuta unatoa chumvi mpaka chaki haishiki vizuri, na mbao za sakafu zinalia kila mtu akisogeza mguu. Mwenye jengo aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba upande wa dirishani wasikae zaidi ya watu wanne. Mabenchi sita yalitengenezwa na fundi Athumani, seremala ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha letu. Aliyaleta mwenyewe, akayapanga mwenyewe, na alipomaliza akasema jambo moja tu: "Mke wangu Somoe ataanza kesho. Naomba asikae dirishani." Nikamwitikia kwa adabu, na moyoni nikamwandika: mume mwenye wivu, hataki mkewe aonekane na watu wa barabarani. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu aliyekuwa amepiga magoti kwenye ile sakafu asubuhi nzima, akizigonga mbao kwa nyundo, huenda alikuwa na sababu nyingine.

Tulianza baada ya sala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi. Wakati wote huo randa ya Athumani ilisikika ikilainisha mbao kutoka ng'ambo, shwaa, shwaa, ikisimama na kuendelea. Wanafunzi walikuwa ishirini. Mkubwa wao alikuwa Mzee Chande, mstaafu wa posta, aliyejifunza Kiingereza ili, kama alivyosema, asife bila kuelewa redio. Somoe alikuwa rika langu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mumewe alikuwa hajui kusoma zaidi ya majina na namba, kwa hiyo yeye ndiye aliyemwandikia daftari la oda pale karakana: mlango wa fulani, kitanda cha fulani, vipimo vyake. Mkia wa herufi yake ya mwisho aliuvuta mrefu, kama anayefunga uzi.

Mwezi wa Ramadhani walinialika kufuturu kwao, mimi Mkristo wa kutoka bara, na walinipokea vizuri. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, wanaume barazani, na ukuta kati yetu ulikuwa haufiki darini, kwa hiyo kila neno lilipita. Tulikula mihogo ya nazi, tambi, samaki wa kuchoma na wali. Mama yake Athumani, mwanamke mkavu asiyetabasamu, alinitazama nikila, kisha akasema kwa sauti iliyokusudiwa kufika barazani, "Hicho Kiingereza kinampeleka wapi mke wa mtu? Akishajua lugha ambayo mumewe haijui, ndani ya nyumba atasema na nani?" Somoe alikuwa anamlisha mtoto wao, Mwanaidi, wa miaka minne, na mkono wake ulisimama hewani. Nilisubiri Athumani amjibu mama yake, aseme hata neno moja la kumtetea mkewe. Halafu ikaja sauti yake kutoka barazani, taratibu: "Ukoko umebaki? Nileteeni, wali muwape wageni." Nilikasirika. Mkewe anadharauliwa mbele ya mgeni, naye anaulizia masazo ya sufuria! Nikamwona ni mtu wa tumbo lake. Wakati huo nilikuwa mwepesi sana wa kuhukumu watu kwa chakula.

Hayo ya kuandika mapenzi niliyaanzisha mimi, simsingizii mtu. Nilikuwa nimechoka. Kila nikiwapa zoezi la kuandika, walinirudishia kitu kile kile, safari ya kwenda Dar es Salaam ambayo nusu yao hawakuwahi kuisafiri, na basi liliharibika mahali pamoja kwenye madaftari yote ishirini. Siku moja nikaandika ubaoni kwamba wiki hii tutaandika kuhusu mtu unayempenda. Ikasikika randa peke yake. Mzee Chande akanyoosha mkono. "Ticha, mapenzi hayo yana alama ngapi?" Wakacheka, na hofu ikapungua kidogo, lakini hakuna aliyeshika kalamu. Ndipo Somoe akasema, macho yake kwenye benchi, "Kwa Kiswahili mimi sithubutu. Kwa Kiingereza labda. Kwa Kiingereza ni kama anasema mtu mwingine." Nilifurahi kupita kiasi. Nikawapa kanuni tatu za kuwalinda, na nilijisifu kwa jinsi nilivyozibuni papo hapo. Badilisha jina la mtu. Badilisha kazi yake. Badilisha mji wake. Nikaongeza kwamba madaftari hayatakwenda nyumbani, nitayafungia kwenye sanduku langu. Nawakumbuka walivyotazamana, kama watu waliopewa ufunguo wa nyumba ambayo mwenyewe kasafiri.

Na waliandika! Sijafundisha tena darasa kama lile, na nimefundisha mengi. Mzee Chande aliandika kuhusu mkewe marehemu akamgeuza kuwa rubani wa Nairobi, na sarufi ilikuwa ovyo, nami nilisoma nikalia. Lakini kazi ya Somoe ilikuwa ukurasa mmoja tu, na ilizizidi zote. Ilimhusu mwanamke anayemsubiri dereva wa lori wa mji wa Mtama, mtu asiyejua kusema maneno matamu. Sentensi ya mwisho niliipigia mstari mwekundu nikaandika pembeni kwamba ni nzuri sana. Nitaiweka mwisho wa simulizi hii, maana mwisho ndiko iliko. Niliporudisha madaftari ili wayaone na kuyakusanya tena, Somoe aliusoma ule mstari mwekundu, akafunika uso kwa mtandio na kucheka. Mimi nilimtazama kwa huruma na woga. Nilikuwa nimeamini kila neno. Nilimwamini dereva yule kuliko ninavyowaamini watu wengi niliokutana nao ana kwa ana, na tangu siku hiyo kila nilipoisikia randa ya Athumani, nilimfikiria yule dereva.

Sasa nieleze kosa, maana ni kosa la kipuuzi na lilifanyika mchana kweupe jikoni. Bi Zaituni alikuwa anauza bagia na kachori mlangoni kwake, na kila bagia ya Kivinje ilifungwa kwenye karatasi ya daftari lililokwisha, kama ilivyo mpaka leo. Mwenye daftari lililojaa hampi mtu kwa nia mbaya, anampa kama anavyompa maganda mwenye mbuzi. Muhula ulipokwisha aliniuliza, "Mwanangu, yale madaftari sandukuni una kazi nayo?" Nilifikiri kwa muda wa kumenya kitunguu. Kazi nilizozipenda nilikuwa nimeshazinakili kwenye daftari langu. Majina yamebadilishwa, kazi zimebadilishwa, miji imebadilishwa, na juu ya yote ni Kiingereza. Nani Kivinje atasoma Kiingereza kwenye karatasi yenye mafuta? Nikayaleta, tukakaa kwenye vibao vya mbuzi ya kukunia nazi, tukayachana pamoja, yeye anachana, mimi nazipanga. "Haya maneno yanasema nini?" akauliza. "Mapenzi matupu, Mama." "Basi leo bagia zitakuwa tamu," akasema, na tulicheka mpaka jirani akachungulia. Ni moja ya siku nilizofurahi zaidi mwaka ule, na ndiyo maana inaniuma kuikumbuka.

Muhula mpya ulianza, na haikupita wiki randa ikanyamaza. Mwanzoni sikugundua kilichokuwa kimepungua, nilijua tu kwamba darasani nilikuwa nasema kwa sauti ya juu bila sababu. Siku ya pili nikachungulia dirishani. Athumani alikuwa amekaa kwenye mbao zake, mikono magotini, hafanyi kitu, na alikuwa anatazama juu, kwetu. Nikamuuliza Somoe kama mumewe anaumwa. Akasema, "Hasemi. Ananitazama tu ninapoandika oda." Siku ya tatu Somoe hakuja. Wanafunzi walipoondoka nilibaki kufuta ubao, mbao zikalia ngazini, hatua nzito moja moja, nami nikajua ni nani kabla hajatokea. Hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika fremu, kama mgeni, mpaka nilipomkaribisha. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, mafuta yameifanya iangaze, akaikunjua polepole juu ya meza yangu. Mstari wangu mwekundu ulikuwa pale pale.

"Ticha," akasema, "mwandiko huu naujua. Maneno siyajui. Nisomee."

Naapa, ukweli wenyewe ulikuwa rahisi. Ningesema: fundi, hili ni zoezi, niliwaagiza mimi, niliwaambia wabuni, na hawa hapa watu wengine kumi na tisa walioandika kama hivi. Hata kama dereva angekuwepo kweli, maneno hayo yangetosha. Lakini mimi nilimwona dereva amesimama kati yetu. Niliona mikono ya Athumani, mikubwa, yenye makovu ya patasi, na nikaogopa kwa ajili ya Somoe, na kwa ajili yangu pia. Nikainama juu ya karatasi, nikajifanya nafuata mistari kwa kidole, nikasema, "Ni barua ya kuomba kazi. Anaomba kazi ya mapokezi Masoko. Anasema ni mchapakazi, anajua kuandika vizuri." Athumani akaweka kidole chake karibu na changu, juu ya neno moja. "Hapa pameandikwa Mtama. Hili naliweza." Nikamwambia kwamba ni anuani tu. "Na huu wino mwekundu?" Nikasema nimesahihisha makosa. Alinitazama. Sikuona hasira yoyote usoni mwake, nilichokiona kilikuwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Kisha akaikunja karatasi, mara moja, mbili, tatu, nne. "Ahsante, ticha," akasema. "Umenisomea." Na akashuka ngazi taratibu, akikwepa upande wa dirishani.

Bi Zaituni ndiye aliyenieleza kesho yake, tukiwa jikoni pale pale, wala hakuketi. Athumani alikuwa ameshaipeleka karatasi ile kwa binamu yake, karani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea fomu. Karani aliruka alipokwama, akamwambia: mwanamke anampenda dereva wa Mtama. Lakini alimwambia pia, "Huenda ni zoezi la darasani tu. Kamuulize mwalimu, atakwambia." Bi Zaituni aliponiambia hivyo alishika mdomo. "Alikuja kwako akiomba umwambie ni zoezi, mwanangu. Na wewe ukamwambia nini?" Kabla ya Ijumaa talaka ilikuwa imeandikwa. Somoe alirudishwa kwao Milola na kifurushi kimoja. Mwanaidi alibaki kwa bibi yake, yule mama mkavu, na siku ya kuondoka mtoto alilia mpaka watu wa sokoni wakakatiza mazungumzo. Nilisikia kilio kile nikiwa chumbani kwangu, nimekaa kitandani. Sikutoka. Bi Zaituni alinishauri nikae kimya, maneno yatapoa, na ushauri ule ulinifaa sana kwa sababu nilikuwa mwoga. Nilijiambia kwamba nikienda kueleza nitamchimbia shimo zaidi, maana dereva atatafutwa. Darasani waume walianza kuwazuia wake zao, wakabaki saba, wakabaki watatu, mwishowe akabaki Mzee Chande peke yake kwenye mabenchi sita. Randa ilirudi baada ya mwezi, lakini ilikuwa ya mtu mwingine, kijana aliyekodishwa karakana. Nikaomba uhamisho.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo tumboni nilipogeuka pale uani kwenye arobaini. Somoe amenenepa, kichwa kimejaa mvi, amebaki na kicheko kile kile. Hakunitukana. Alinivuta jikoni, akanipa sinia la mchele nichague mawe, akakaa karibu yangu. Kwenye majiko aliyekuwa anaamuru wenzake ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alipita akatuambia sote wawili "Shikamooni," kwa heshima kamili, bila kusimama. "Marahaba, Mwanaidi," Somoe akaitikia, na sauti yake ikapungua. "Ananisalimia kama anavyosalimia kila mtu," akaniambia. "Bibi yake alimkuza kwa hadithi moja tu, kwamba mama yako alikuacha kwa ajili ya dereva. Athumani alifariki mwaka jana. Nilikwenda msibani nikakaa nyuma na wapita njia." Nilichagua mawe mpaka hayakuwepo tena. Kisha nikauliza swali nililolibeba miaka yote ile, kwa upole, kama anayegusa jeraha. "Na yule dereva? Mlionana tena?"

Somoe alilivuta sinia kwake. "Dereva gani, ticha?" akasema. "Ulituambia tubadilishe kazi. Tubadilishe mji. Nikabadilisha." Aliutikisa mchele kwenye sinia. "Mimi nimewahi kumpenda nani zaidi ya Athumani?"

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. "Nilimwambia," akasema. "Siku ile ile aliyotoka kwako. Nililia, nikamshika miguu, nikamwambia ni wewe, mume wangu, ni wewe humo ndani. Akanijibu neno moja tu. Akasema, 'Kama ni mimi, mwalimu angenificha ili iweje?'" Aliliweka sinia chini. Sikuweza kumwomba msamaha, neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa kitu kile, ingawa nililisema, na nikalisema tena. Yeye akalipunga kwa mkono kama anayefukuza nzi. "Karatasi ile ilichomwa. Kiingereza chenyewe kimenitoka chote. Wewe unayo?" Nikamwambia kwamba daftari langu lilioza zamani, lakini ukurasa ule ninao kichwani, neno kwa neno. "Basi nisomee," akasema. "Kwa Kiswahili. Na usiruke." Kisha akainua sauti. "Mwanaidi! Mama, njoo kidogo."

Alikuja. Hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika fremu, kama mgeni, na hilo nalo lilikuwamo kwenye ukurasa. Nikamweleza kwanza mimi ni nani. Nikamweleza zoezi, na kanuni zangu tatu, na karatasi ya bagia, na uongo niliomwambia baba yake, wote, bila kujipunguzia. Wanawake wengine waliacha kukoroga. Ndipo nikasoma kutoka kichwani, macho yangu sakafuni: kwamba mwanamke mmoja anampenda dereva wa Mtama. Dereva hajui maneno matamu. Akifika mlangoni husimama kwanza, ameshika fremu, kana kwamba nyumba si yake. Hugonga sakafu kabla mwanamke hajaikanyaga. Watu wakisema vibaya yeye hajibu, na mwanamke hukasirika, mpaka chakula kinapoletwa. Hapo nikasita, maana sentensi ya mwisho niliwahi kuisikia kwa masikio yangu kupitia ukuta usiofika darini, na sikuwa nimeielewa.

"Malizia," akasema Mwanaidi.

"Wakati wa kula huomba ukoko ili wali laini uwatoshe wengine, na husema anaupenda, na mwanamke anajua kwamba haupendi."

Mwanaidi aliutazama mwiko aliokuwa bado ameushika, kisha sufuria kubwa iliyokuwa imeepuliwa, wali wake umeshapakuliwa na ukoko umeganda chini. "Miaka yote hiyo," akasema polepole, "kila siku nilikuwa namwekea." Ndipo akamgeukia mama yake, kwa mara ya kwanza, usoni. "Kumbe alikuwa haupendi?"